Barua kwa mwanangu: Ile kanga ya kijivu

Coimbatore, India, Januari

Mwanangu, baba yangu mdogo,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, hofu ni juu yenu mlioko nyumbani. Jicho la baba'ako lililopasuliwa linaendelea vizuri. Juzi daktari kampima, kasoma herufi mpaka mstari wa nne, na wa tano akataka kubishana. Kwa hiyo hilo litoe rohoni.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nilikugombeza, na kukwambia kwamba nilikosea kwenye simu hiyohiyo siwezi, maana mzee hukaa pembeni akidaka kila neno. Zile pesa ulizotuma ukasema "hizi si za hospitali, ni za kutembea", nilikuita mfujaji. Watu wamechanga, shangazi yako kauza mbuzi, halafu sisi tukapande milima kama watalii? Nikazifunga kwenye pindo la kanga nikanyamaza. Lakini daktari alitupa siku kumi kabla ya kurudi kupimwa, na ilipofika siku ya tano baba'ako alikuwa keshahesabu matofali yote ya ukuta wa jirani. Na huku bondeni joto, vumbi, honi usiku kucha. Nikafungua pindo. Daktari akaruhusu, ila avae miwani myeusi, asiguse maji machafu, na matone kila baada ya saa nne bila kukosa.

Tulikwenda Ooty. Jina lake kamili ni Udhagamandalam, lakini hata kondakta alilikata akaita Ooty. Basi la kwanza lilitufikisha Mettupalayam, chini ya mlima, mahali penye mashamba ya mipopoo iliyonyooka kama penseli. Toka hapo ni kupanda. Kona kali zina vibao vyenye namba: moja ya kumi na nne, mbili ya kumi na nne. Sijui nani aliona ni wema kumhesabia mtu mateso yake. Njia ya Mombo kwenda Lushoto naijua tangu nazaliwa, nikajiona bingwa wa kona. Kona ya tisa nilikuwa nimeshika ndimu puani nikisoma kila dua niliyofundishwa. Kwenye kizuizi askari wakapekua mabegi, si bangi wanayotafuta bali chupa za plastiki. Wilaya nzima ya Nilgiri, ambamo Ooty imo, wamepiga marufuku maji ya chupa. Chupa zetu mbili zikabaki hapo. Juu mjini kuna mashine, unatia sarafu, unakinga chombo chako.

Nisikudanganye, mji wenyewe ulinivunja moyo. Magari yamebanana, kila duka la pili linauza chokoleti, na ziwa linalosifiwa ni bwawa alilochimbisha Mwingereza John Sullivan mwaka 1824, leo limejaa vimashua vyenye umbo la bata. Huyo Sullivan ndiye aliyekuwa mkubwa wa wilaya ya Coimbatore, akapanda huku akikimbia joto, akajenga nyumba, na wenzake wakamfuata mpaka serikali nzima ya Madras ikawa inahamia mlimani kila kiangazi na mafaili yake. Ni yaleyale ya Wajerumani na Lushoto yetu walipoiita Wilhelmstal. Hata miti ni ileile. Nilishuka kwenye basi nikasikia harufu ya mikaratusi nikasema hapa ni Magamba! Tofauti ni baridi. Lushoto ni kama mita 1,400, Ooty imepita 2,200. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nyasi zote nyeupe, nikadhani mtu kamwaga chumvi. Umande umeganda. Mimi nimelala na sweta mbili, soksi za baba'ako, na kanga mbili juu ya blanketi la gesti lenye harufu ya moshi.

Bustani ya mimea nayo ya zamani, ya mwaka 1848. Mna shina la mti lililogeuka jiwe, wanasema lina miaka milioni 20. Baba'ako akaligonga kwa kidole, akasema "mninga huu." Lakini nilichokipenda kiko juu ya bustani, ukipanda ngazi: kijiji kidogo cha Watoda. Hao ndio waliokuwapo kabla ya Sullivan, wafugaji wa nyati, na sasa hawazidi watu elfu mbili. Nyumba yao ya jadi ni kama pipa lililopasuliwa katikati likalazwa, paa linaanzia chini linazunguka mpaka chini tena, na mlango ni mdogo hata mtu mzima huingia kwa magoti. Alikuwapo mama mmoja wa makamo yangu amekaa anadarizi shali nyeupe kwa uzi mwekundu na mweusi. Hakuchora popote. Anahesabu nyuzi za kitambaa kwa ncha ya sindano, midomo inacheza, kama mimi ninavyohesabu matone. Nikakaa karibu yake. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui lugha yake, tukashikana shali na kanga, kila mmoja akageuza nguo ya mwenzake kuangalia upande wa ndani. Upande wa ndani wa kazi yake msafi kama wa nje. Bei aliyotaja ilikuwa ya haki na sikuimudu.

Sasa nikwambie la Doddabetta. Ndio mlima mrefu kuliko yote huko, mita 2,637, gari linafika karibu kabisa. Kuna mnara wenye darubini, mzee akakataa kupanda: "Nimetoka kulipiwa jicho, nilipie tena na kioo?" Tukasimama ukingoni. Milima imepangana, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka ya mwisho huwezi kusema ni mlima au ni mbingu. Nilgiri maana yake ni milima ya buluu. Wenyeji husema ni kwa sababu ya maua ya kurinji, yanayochanua mara moja katika miaka kumi na miwili. Yalichanua 2018, kwa hiyo tuliyakosa, lakini siku ile ukungu wenyewe ulikuwa wa buluu. Ilikuwa saa ya matone. Nikamvua miwani, nikamtonesha, akafumba, akangoja. Alipofumbua hakuangalia milima. Aliniangalia mimi begani. Akashika kanga, ile uliyoninunulia Idi miaka minne iliyopita, akaisugua kwa vidole.

"Hii si ya kijivu?"

Mwanangu, kanga ile ni ya buluu tangu siku uliyoileta. Na unajua mara ngapi ameniambia vaa ile ya kijivu, anua ile ya kijivu mvua inakuja. Nilidhani ni uzembe wa wanaume na rangi. Kumbe, muuguzi alitueleza tuliporudi, mtoto wa jicho hugeuza lenzi ya jicho kuwa ya kahawia kama chupa ya dawa, na rangi inayozuiwa kwanza ni buluu. Wakitia lenzi mpya, rangi inarudi kwa siku moja. Anasema wagonjwa wengi hushangaa hivyohivyo. Miaka minne hakuniambia kwamba rangi zinamtoroka, na mimi sikumuuliza. Alinirudishia kanga begani akaitengeneza vizuri, halafu akaomba kahawa.

Kushuka tulipanda treni. Tiketi za kuweka mapema zilikuwa zimekwisha zamani, tukapanga foleni ya zile chache zinazouzwa siku ileile. Nilipofika stesheni nikaitazama reli nikashtuka. Ni nyembamba, kama yetu. Babu yako uliyerithi jina lake alitumikia reli ya Tanga, genge la kubadilisha mataruma, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mita moja, hata unywele usizidi." Nikashuka ukingoni, nikainama, nikatandaza upande mfupi wa kanga toka chuma hadi chuma. Ikazidi kidogo tu, kiganja hivi, kama ilivyokuwa ikizidi Mombo nilipokuwa mtoto nikipima kwa kanga ya bibi yako. Mlinzi akanipigia filimbi, watu wakacheka. Baba'ako akajifanya hanijui.

Njia ile ni kilomita 46, mwaka 1899 ilikuwa imefika Coonoor na 1908 ikaingia Ooty. Toka Ooty mpaka Coonoor unavutwa na dizeli, ni safari ya kawaida katikati ya chai. Coonoor wanafunga kichwa cha moshi, na hapo ndipo babu angelia. Katikati ya reli mbili kuna vyuma vyenye meno, na chini ya kichwa kuna gurudumu la meno linalouma humo, hivyo hata mlima ukisimama treni haitelezi. Ikipanda, kichwa husukuma kwa nyuma. Ikishuka, hutangulia mbele kikizuia mabehewa yasikimbie. Na kila behewa lina mshika breki wake, amesimama nje kwenye kibaraza. Kichwa kikipiga honi, wote wanazungusha breki kwa pamoja. Wetu alikuwa kijana wa umri wako, koti limejaa mafuta. Baba'ako alimpa nusu ya keki zetu kavu, zile za huko wanazoita varkey. Akazila kwa mkono mmoja, wa pili haukutoka kwenye breki mpaka Kallar, stesheni ya chini mlima unapoishia.

Nimekununulia mafuta ya mkaratusi kwa ajili ya kifua chako, lakini chupa imevuja begini. Kanga nimeifua mara mbili, harufu ipo palepale.

Tutafika Ijumaa ijayo inshallah, usiombe ruhusa kazini, tutachukua bajaji. Pesa imebaki kidogo. Nimemchukulia shangazi yako shali, si ya Watoda, ya dukani tu. Usimwambie.

Mama yako