Kaka, duka lisubiri kwanza

Leicester, Uingereza

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, baridi tu. Mama kaniambia ukistaafu upolisi unataka kufungua duka la vifaa vya ujenzi hapo Isevya, Tabora. Kabla hujatia hela kwenye bati na misumari, nisikilize mdogo wako: usomee sheria, uwe wakili wa kesi za kazi.

Kuna mama mmoja Mwingereza alikuwa polisi, sasa ni wakili wa kesi za kazi. Alimsimamia mwenzangu wa kazini aliyefukuzwa ghafla, nami nikamsindikiza ofisini kwake. Mwenzangu akaanza: "Meneja alinitisha." Wakili akaweka kalamu chini. Alisema maneno gani? Mlikuwa chumba gani? Nani alikuwa mlangoni? Akaandika kama alivyojibiwa, akamsomea, wakasahihisha, ndipo akamsainisha. Kaka, nilikuona wewe kabisa unachukua maelezo! Yule wa mlangoni akatafutwa, akathibitisha. Huku lazima uwape taarifa Acas, chombo cha usuluhishi, kabla ya kwenda baraza la kazi. Mwajiri akakubali kulipa hapo hapo kwenye usuluhishi.

Nikamkumbuka shemeji alivyoondolewa kwenye lile ghala la tumbaku. Miezi mizima anakwenda kumbembeleza bosi, anaambiwa njoo wiki ijayo. Kumbe aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine siku 60. Ukichelewa, uombe kuongezewa muda na utoe sababu za maana. Hakuna aliyemwambia. Inaniuma mpaka leo. Wewe sikulaumu, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 askari polisi haiwahusu, ungeijulia wapi? Lakini sheria inasomeka. Kumhoji mtu aliyevurugikiwa mpaka akakumbuka jambo lilivyokuwa, hilo umelipata kwa miaka ya kazi, na mawakili wengi hawana.

Chuo Kikuu Huria kina kituo hapo Tabora, shahada ya sheria utaisoma ukiwa nyumbani. Kisha Shule ya Sheria Dar es Salaam, ndipo uapishwe uwakili. Ni safari ndefu, sikufichi, na wifi atanung'unika. Niachie mimi niongee naye. Ada ya mwaka wa kwanza nitalipa.

Vyeti vyako Mama anasema viko kwenye sanduku lake la bati. Vitoe, vipige picha, unitumie wiki hii.

Mdogo wako akupendaye.