Barua kwa mwanangu: ile sifuri

Mwanangu Zuhura,

Assalam aleikum. Huku Portland sote wazima, ila mama'ko analalamika hupigi simu. Nakuandikia kwa jambo moja tu: ile sifuri ulikuwa umeipata sawasawa.

Jumamosi nilikwenda peke yangu kulitafuta lile sanduku la jiokashi (ule mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa namba za GPS) la Lassie, yule mbwa wa kipindi cha televisheni, lililotushinda kabla hujaenda chuo. Unakumbuka maswali yake, kila jibu likijaza pengo kwenye namba za latitudo, zile za kuonyesha mahali palipo kaskazini au kusini. Kipindi kilidumu misimu mingapi? 19, toka 1954 hadi 1973, hapo hatukubishana. Mwenyewe Pal, mbwa wa kwanza kumwigiza Lassie, alidaiwa dola ngapi hata akamwachia mfunzaji Rudd Weatherwax mbwa mwenyewe? 10, ulilijua wewe. Halafu: Timmy, yule mtoto wa kipindini, alitumbukia kisimani mara ngapi?

Ukasema sifuri. Nikakucheka. Nikakwambia nimeona kwa macho yangu, kwenye marudio, mwaka wetu wa kwanza hapa: mbwa anabweka, watu wanakimbilia kisimani. Nikaandika 1, na baba akishaandika basi.

Sasa tarakimu ile ilikaa ya kwanza baada ya nukta ya dakika, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Moja badala ya sifuri ni mita 185 kaskazini, na huko kaskazini hakuna kitu ila miiba. Nimezunguka saa nzima. Ile suruali ya kijivu usiniulize. Mwisho nikaketi juu ya gogo nikasoma kwenye simu: Timmy alipatwa na kila balaa, lakini kisimani hakuangukia hata siku moja. Jon Provost aliyemwigiza kalisema mwenyewe. Basi kile kisima nilikichimba mimi, kichwani mwangu.

Nikarudi kusini nikihesabu hatua. Lilikuwa ndani ya kisiki cha msonobari, limefunikwa magome: sanduku la chuma la kuwekea risasi za bunduki, la kijani, ule mpira wa kifuniko umeanza kukakamaa. Mchezo huu ulianzia hapahapa Oregon, kule Beavercreek, Mei 2000, kwa ndoo aliyoifukia Dave Ulmer, na hadi leo kanuni ni ileile: ukichukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Ndani mlikuwa na daftari kwenye mfuko wa plastiki, kipande cha penseli, mpira wa tenisi uliopauka, na kijimbwa cha plastiki, kahawia na nyeupe, sikio moja limetafunwa.

Aliyelificha kaandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba Lassie, mwenye jina la kike, siku zote aliigizwa na dume: Pal kwanza, kisha wanawe na wajukuu zake, kwa sababu jike hunyonyoka manyoya sana. Nimecheka peke yangu msituni. Kumbe wangemwita Simba tu, kama kila mbwa wa mtaani kwetu Tanga.

Nimemchukua yule mbwa, nikaacha sarafu ya shilingi 200 iliyokuwa kwenye pochi tangu safari ya mwisho, ile yenye simba wawili. Daftarini nimetanguliza jina lako, langu chini yake, na pembeni nikachora sifuri kubwa.

Mbwa yumo humu kwenye bahasha. Usiogope kumshika, mama'ko kamwosha mara saba.

Baba'ko