Kabla hujapakia mzigo wa Lubumbashi

Mwanangu Shabani,

Asalaam aleikum. Sisi huku Muheza wazima, machungwa yameanza kuiva. Dada yako ndiye aliyeniambia kwamba Jumatatu unaondoka na lori, na kwamba ugali, wali na chapati umeacha kabisa. Wewe ulinitumia picha ya mkanda uliotoboa matundu mapya. Nimefurahi, sikatai. Tumbo limekwisha na soda umeacha, jambo ambalo sikulitegemea kwako. Lakini mkanda hauniambii sukari inasoma ngapi, na nilichokuuliza hujajibu: vidonge vya sukari unameza vilevile?

Usiniambie mbona mama alipunguza ubwabwa na hakuanguka. Mimi nameza metfomini tu, na hiyo ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Wewe una glibenklamidi juu yake. Ile inalikamua kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Dozi yako daktari aliipanga ukiwa unakula sembe mchana na usiku. Sembe imeondoka, kidonge kimebaki. Ya mjomba wako unayajua, sirudii.

Sisemi urudie ugali. Nesi wetu wa kliniki hana ugomvi na mtu kupunguza wanga. Anachokataa ni kubadili chakula kimyakimya, dawa ikabaki ileile. Wala usijipunguzie dozi mwenyewe au kuacha zote kwa sababu juzi sukari ilisoma 6. Nenda kliniki kabla ya Jumatatu, useme ukweli kwamba mchana ni mayai na mchicha. Taja na dawa ya presha, maana mwili ukipungua nayo huzidi nguvu, ukisimama unaona kizunguzungu. Na vile vidonge vya rafiki yako vya kutoa sukari kwa mkojo, usivionje. Kwa asiyekula wanga vinaweza kuijaza damu tindikali huku kipimo kikionyesha sukari ya kawaida. Mtu anatapika na kuhema kwa nguvu, anasingizia chakula cha njiani.

Najua kwenye kebini umejaza karanga na mayai ya kuchemsha. Sukari ikishuka chini ya 4, hivyo havikusaidii, vinachelewa mno. Weka glukosi ya unga au soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ukiona jasho la baridi, mikono inatetemeka, maneno yanapishana, egesha gari kwanza. Kunywa nusu chupa ya soda, ngoja dakika 15, upime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula ndizi au mkate, hapo lishe yako iweke pembeni. Usishike usukani mpaka isome 5 au zaidi na dakika 45 zimepita, kwa sababu kidonge chako hukaa mwilini muda mrefu na huweza kuishusha tena. Utingo mweleze yote haya. Akikukuta umezimia asikumiminie kitu mdomoni, utapaliwa; akukimbize hospitali. Wakati wa kurudi unateremka mlima Kitonga na shaba mgongoni, Shabani. Kabla ya kuondoka, vidonge wameviangalia au hawajaviangalia?

Utasema ni nani alikuzoesha wali wa nazi asubuhi na jioni. Haya, sema.

Bati za jiko fundi ameshapiga, zimebaki kofia. Hela yake usitume mwezi huu, nunua stripu za kupimia kwanza, maana najua mashine unayo na imekaa bure. Baba yako anataka kumuuza yule mbuzi dume, mimi nimemwambia asubiri mpaka urudi. Mkeo nimempelekea machungwa kwa basi la asubuhi. Wewe kula moja, usinywe juisi. Ndoo ni yangu, airudishe.

Karatasi ya kliniki ipige picha unitumie Jumapili.

Mama yako