Waumini wasomewe hesabu ya sadaka zao

Kwa Mhariri,

Jumapili iliyopita nilipokuwa nikirudi kutoka Misa hapa Malindi, jirani yangu ambaye si Mkatoliki aliniuliza kwa nini tunachangishwa kila wiki ilhali Roma ina mali tele. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu ya jua, lakini swali lake halijaniacha, kwa kuwa hata wengi wetu tunaoingia kanisani hatulijui jibu. Naomba nafasi katika gazeti lako nilieleze, kisha nitoe ombi.

Roma haimlipi padre wetu mshahara. Jimbo Katoliki la Malindi, lililoundwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2000 kwa kumega majimbo ya Mombasa na Garissa, na ambalo linafika hadi Lamu na Tana River, husimamia fedha zake lenyewe kama majimbo mengine duniani. Parokia huishi kwa sadaka ya Jumapili, zaka, mavuno na michango ya jumuiya, na sehemu ya fedha hizo hupelekwa jimboni. Kule Ujerumani serikali humkata muumini kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, ikalikabidhi Kanisa. Kwetu hakuna kitu cha namna hiyo. Hata sadaka ya nia ya Misa, yaani ile anayotoa muumini ili Misa iombewe jambo lake, ina mipaka, kwani padre akiadhimisha Misa kadhaa kwa siku moja huruhusiwa kubaki na sadaka ya Misa moja tu, isipokuwa siku ya Noeli.

Msaada wa nje upo, nasi tumefaidika nao. Askofu wetu wa kwanza, marehemu Francis Baldacchino, na aliyemfuata, marehemu Emanuel Barbara, wote walikuwa Wakapuchini, watawa wa familia ya Mtakatifu Fransisko, kutoka Malta, na watu wa kwao walilichangia jimbo hili kwa ukarimu. Upo pia mchango wa Jumapili ya Kimisionari kila Oktoba, ambao hukusanywa parokia zote duniani, ya kwetu ikiwemo, ukagawiwa majimbo ya misioni. Mfuko huo ulianzishwa rasmi Lyon, Ufaransa, mwaka 1822, kutokana na mpango wa mlei mmoja (muumini asiye padre wala mtawa), Pauline Jaricot, aliyewapanga wafanyakazi katika vikundi vya watu kumi kumi, kila mmoja akitoa senti moja kwa wiki. Nikiusoma mpango ule naona jumuiya zetu ndogo ndogo kabisa. Lakini leo askofu wetu ni Mkenya, wafadhili wa ng'ambo wanapungua, na mzigo unatuelemea sisi wenyewe, jambo ambalo naliona kuwa la haki.

Nimekuwa mwekahazina wa jumuiya kwa miaka saba, na mara nyingi nimekaa kwenye meza ya sakristia tukihesabu sadaka. Kapu likimiminwa, sarafu za shilingi 5 na 10 ndizo zinazoijaza meza. Noti za 50 na 100 huja zimekunjwa hadi zikawa ndogo kama kidonge, nyingine zikiwa bado na unyevu wa jasho na harufu ya samaki, maana zimetoka katika fundo la leso la mama aliyepitia sokoni kabla ya Misa. Tunazinyoosha moja moja kwa kiganja, watu watatu tukitazamana, tunaandika jumla daftarini na kutia sahihi. Sijawahi kuona hata shilingi moja ikipotea pale mezani. Shida yetu huanza daftari likishafungwa.

Miaka michache iliyopita kigango kimoja cha mashambani (nasema kigango kwa maana ya kanisa dogo, si ile nguzo ya kumbukumbu ya wazee ambayo sisi Wagiriama huiita kwa jina hilo hilo) kilichangisha fedha za tangi la kuvunia maji ya mvua. Watu walitoa kwa miezi minane. Mjane mmoja ambaye hakuwa na fedha alileta kuku wawili, wakapigwa mnada nje ya kanisa baada ya Misa. Tangi halikuja. Kwa kuuliza-uliza tulikuja kufahamu kwamba fedha zilitumika kutengeneza gari la parokia. Gari lile ni la lazima, ndilo linalompeleka padre kwa wagonjwa, na lau tungaliulizwa naamini kigango kizima kingalikubali. Hatukuulizwa, wala hatukuambiwa. Tangu hapo, mchango ukitangazwa, watu wa pale hutazama chini, na mjane yule bado humtuma mjukuu wake mtoni na dumu.

Sheria ya Kanisa haina utata hapa. Kanuni ya 1267 inasema kwamba kilichotolewa kwa shabaha maalumu kitumike kwa shabaha hiyo tu. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la fedha, na ya 1287 inawataka wasimamizi wawatolee waumini hesabu ya mali ambayo waumini hao wametoa. Pale hesabu inapofichwa, hata Vatikani huumia: jengo la London lililonunuliwa kwa fedha za Kanisa liliuzwa mwaka 2022 kwa hasara kubwa, na Desemba 2023 mahakama ya Vatikani ilimhukumu Kadinali Angelo Becciu kifungo cha miaka mitano na nusu katika kesi iliyotokana na uwekezaji huo. Mwenyewe alikana makosa na kukata rufaa.

Nilifurahi sana Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la mtaa wa Soweto jijini humo urudishwe, zikiwemo shilingi 600,000 za kwaya na kundi la watoto na milioni 2 za nyumba ya padre. Lakini Kanisa likizikataa fedha za mwanasiasa, limechagua kuitegemea leso ya mama yule wa sokoni, na yeye ndiye wa kutolewa hesabu.

Ombi langu kwa maparoko na mabaraza ya fedha ya jimbo letu ni kwamba kila baada ya miezi mitatu karatasi moja ibandikwe mlangoni pa kila kigango, ikionyesha kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki, na katekista aisome kwa Kiswahili na kwa Kigiriama baada ya matangazo. Shabaha ya mchango ikilazimika kubadilika, waliochanga waulizwe kwanza. Kwa kigango nilichokitaja, naomba tangi linunuliwe kabla ya mvua za vuli, na hesabu yake isomwe siku ile ile litakapofungwa, mjane yule akiwepo.

Muumini na mwekahazina wa jumuiya,
Malindi