Ule wimbo wetu wa Malaika

Mikindani, Mtwara
Novemba

Shoga yangu wa tangu utotoni,

Salamu nyingi. Huku mvua bado, na mabibo yameoza chini ya mikorosho hadi harufu inaingia ndani. Sisi wazima, ila miguu yangu inanisumbua kidogo. Wewe na wajukuu hamjambo?

Nakuandikia kwa ajili ya wimbo. Juzi jioni nilikuwa uani nachambua korosho na mwanangu wa mwisho, simu yake ikapiga Malaika. Ile ya Fadhili William, yule Mkenya aliyeirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sisi tuliizoea ya Miriam Makeba, redioni kwa baba yako, mchana kutwa tumeanika betri juani ili zifike jioni. Halafu ikaja ya Boney M. ya mwaka 1981, tukaichezea dansi shuleni. Hii ya Fadhili ni gitaa taratibu na sauti ya kijana asiye na haraka. Machozi yakanitoka, korosho ziko mapajani.

Unakumbuka tulivyougombea? Kila mmoja wetu alitaka malaika awe yeye. Tukitoka kuchota maji, ndoo kichwani, tunaimba. Maneno ya mali tuliyapita mbio ili tuitwe tena malaika.

Safari hii nimeyasikia hayo ya mali tu. Mwanangu ameposa Mtwara mjini, kishika uchumba kimepokelewa, mahari imetajwa. Tangu Juni alikuwa akipuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, anarudi macho mekundu, nguo zimejaa vumbi la njano. Korosho zetu zimeshauzwa mnadani, pesa haijaingia. Kila saa anatazama simu. Wimbo ulipofika pale kijana anaposema angeoa lakini hana kitu, mikono ya mwanangu ilisimama. Hakusema neno. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunachezea kilio cha mtu, shoga.

Usiku sikulala. Nilimkumbuka yule kijana wa Msimbati aliyekuwa akileta pweza nyumbani. Anampa mama, ananiamkia kwa macho, anaondoka. Hakuposa. Nikakwambia hana nia, nawe ukaniambia nimsahau. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, sina ninachojutia kwake. Lakini yule kijana nimemwekea kinyongo miaka arobaini, na hata siku moja sikujiuliza kwao kulikuwa na nini cha kutoa mahari. Pweza ndio alikuwa nao, akaleta pweza.

Na ule ugomvi wetu wa kile kidege cha wimboni? Lile neno "hukuwaza". Mimi nilishikilia kuwa kijana anamuwaza kila siku, kama mtu asemavyo "mimi hukuota". Wewe ukasema ni lawama: ewe kidege, hukuwaza, hukufikiri hata kidogo. Tulinuniana siku mbili. Kiswahili chetu kinayabeba yote mawili, basi nani angetuamua?

Juzi nimesikia la kwako. Usikilize tena, hiyo ya Fadhili, ukiwa peke yako. Kisha uniandikie wewe sasa unasikia lipi.

Shoga yako wa Mikindani