Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Filamu za Mapigano Zisizopitia Sinema

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliamua, kwa mabishano makali, kwamba mwaka huu tutazame filamu za mapigano za bajeti ndogo, zile zinazotoka moja kwa moja kwenye video bila kupita majumba ya sinema. Waliopinga walisema tutapoteza jioni zetu. Mimi niliunga mkono, na leo nazithamini filamu hizi kuliko siku ile.

Tulianza na Cynthia Rothrock, bingwa wa mashindano ya mitindo na silaha aliyeingia kwenye filamu huko Hong Kong mwaka 1985 pamoja na Michelle Yeoh. Baadaye jina lake lilijaa kwenye kanda za kukodisha. Hadithi nyingi alizopewa ni nyepesi, lakini akirusha teke, mguu ni wake.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mtayarishaji asiye na fedha hawezi kulipa nyota ghali wala kujenga mji kwa kompyuta. Kinachobaki ni mtu anayejua kupigana, mpangaji mapigano mwenye akili, na kamera. Staa asiyejua kupigana hufichwa: picha inakatwa kila ngumi na kamera inatikiswa. Anayejua, kamera hurudi nyuma ikamwonyesha kutoka unyayo hadi utosi, na wewe unahesabu mapigo.

Jioni iliyojaza ukumbi ilikuwa ya Undisputed II ya mwaka 2006. Mwongozaji wake, Isaac Florentine, ni mtu wa karate, na inaonekana: anaacha pigo lifike mwisho kabla ya kukata picha. Michael Jai White ndiye stelingi, Scott Adkins ni Boyka, mfungwa mbabe anayeamini hakuna mpiganaji kamili kama yeye. Tumezoea kwamba jambazi akishapigwa, habari yake imekwisha. Boyka alivunjwa mguu, lakini watazamaji walikuwa wameshampenda, na filamu ya tatu ya mwaka 2010 ikamrudisha yeye akiwa stelingi, anachechemea. Ukumbi ulinyamaza kila alipokanyagia goti lile bovu. Sidhani filamu ya fedha nyingi ingethubutu kumkabidhi hadithi mtu aliyeshindwa namna ile.

Lalamiko la majalada ya kanda na diski nalikubali. Sura ya staa mkubwa inabandikwa mbele, ndani anaonekana dakika chache. Huko ni kumlaghai mtazamaji, na tumekubaliana mchaguzi wa filamu aikague yote kabla ya kuileta.

Mahudhurio yalipanda baada ya miezi ya mwanzo kusuasua. Mweka hazina atasoma hesabu. Namshukuru katibu, ambaye alikuwa mpinzani mkuu wa uamuzi huu na ndiye aliyeomba turudie pambano la mwisho la Boyka mara tatu.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuwatazame wapangaji wa mapigano wenyewe, mmoja mmoja, tukianza na J.J. Perry na Larnell Stovall. Soko la DVD limenywea na kazi hizi zimehamia mtandaoni, ambako ni rahisi kupotea, kwa hiyo naomba kila mwenye kanda au diski za zamani aziorodheshe kwa katibu. Pendekezo litapigiwa kura mara baada ya hesabu kusomwa.

Mwenyekiti