Dakika tatu nilizonyimwa mazishini

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua niseme nililokusudia kusema Jumamosi iliyopita kule Voi, nikakosa kulisema. Siku hiyo tulimzika mwalimu aliyenifundisha kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu. Kwenye ratiba iliyochapishwa, mstari wa nane ulisomeka "Wanafunzi wa zamani, dakika tatu", na wenzangu walinichagua mimi. Nilitoka Nairobi kwa treni siku moja kabla, karatasi yangu nimeikunja mfukoni mwa shati. Kisha wakafika wageni wenye magari makubwa. Kipaza sauti kikatoka mkono huu kikaingia ule, tukaelezwa habari za barabara, za maji, na za kura ya 2027, jua likipanda. Mfawidhi alipotazama saa yake, mstari wa nane akauruka. Sina ugomvi na familia. Wao pia walikuwa wamekaa tu chini ya hema wakisikiliza habari za barabara.

Jina la marehemu sitalitaja, kwani hakupenda makuu. Sisi watoto tulimwita Mwalimu Mistari, kwa siri. Nadhani alijua.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Kibanda changu kiko Shauri Moyo, na kama umewahi kunyolewa, kutengeneza pasi au kununua maharagwe yaliyochemshwa upande huu wa jiji, huenda ulipita chini ya herufi zangu. Kazi imepungua tangu zije mashine za kuchapisha kwenye turubai, lakini ukuta wa mawe bado unahitaji mtu na brashi. Kila mstari ninaoupiga ukutani nilifundishwa na mama huyo, na yeye hakuwahi kushika brashi maishani mwake.

Niliingia darasa la kwanza mwaka 1981. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, tukiishi kwenye landi, vyumba vilivyopangwa kama mabehewa: Mkamba, Mluo, Mtaita, Mgiriama, kila mlango na lugha yake, na Kiswahili uwanjani. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini. Anayeijua Voi anajua vumbi lake jekundu. Linaingia kwenye daftari, kwenye kope, kwenye uji. Shati jeupe la shule lilikuwa jeupe Jumatatu asubuhi tu.

Ubao wetu wenyewe ulikuwa umechakaa hadi ukawa kijivu, chaki haionekani. Mwalimu alituagiza kila mtu alete betri kuukuu za redio. Tukazipasua kwa mawe nyuma ya darasa, tukatoa ule unga mweusi, tukausaga, akauchanganya na maji na kuupaka ubaoni kwa kitambaa. Leo ningemkataza mtoto wangu asishike kitu hicho. Wakati ule tulirudi nyumbani weusi hadi viwikoni, tunajiona mafundi.

Lakini ninachotaka kusimulia hasa ni uzi.

Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka diski. Kilikuwa kipande cha ubao chenye uzi. Ukisikika ukisema lugha ya nyumbani unavishwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwenzako aliyeteleza umvishe yeye. Atakayekutwa nacho jioni, viboko. Mimi nilinaswa nikiwa darasa la pili, nikimwita ndugu yangu mdogo asiingie relini. "Uka!" Neno moja tu, la Kikamba. Nikavishwa. Nilizunguka nacho siku nzima bila kumpata wa kumrithisha, kwa sababu watoto wakiiona diski hunyamaza kama samaki.

Mwalimu alinikuta nimejificha kwenye ukuta wa vyoo. Hakuniuliza kitu. Aliivua shingoni mwangu, akafungua fundo kwa meno, akarudi darasani, akakisukuma kile kibao chini ya mguu wa meza yake uliokuwa mfupi kuliko mingine. Uzi akautia kwenye kikapu chake cha mkonge.

Siku ya pili akaja nao. Kabla ya hapo alikuwa akichora mistari ya ubaoni kwa mti uliopinda, na sisi tukiandika herufi zinazopanda mlima. Sasa aliusugua ule uzi kwa chaki mpaka ukawa mweupe wote. Mtoto mmoja akashika ncha ya kushoto, mimi ya kulia, tukaukaza ubaoni. Yeye akasimama katikati, akauvuta kwa vidole viwili, akauachia. Tap! Vumbi likaruka, na pale uzi ulipogonga pakabaki mstari mwembamba, ulionyooka kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiona, ukiondoa reli. Akashusha, tap, akashusha tena. Darasa zima liliomba zamu ya kushika.

Mafundi wa ujenzi huita hivyo kupiga uzi, nami niliwakuta wakifanya hivyo Nairobi miaka mingi baadaye, nikashangaa wamejuaje. Ndivyo ninavyofanya hadi leo kabla ya kuandika neno lolote ukutani.

Diski nayo, nisidanganye, haikuisha. Wiki iliyofuata nyingine ilikuwa imechongwa, na ikaendelea kuzunguka shule nzima mpaka nilipoondoka. Yeye alipata uzi tu.

Alifundisha herufi kama mtu anayetambulisha jamaa zake. Kila moja ina kichwa, kiuno, au mguu. S ndiyo iliyotutesa. Tuliandika tumbo la juu na la chini sawasawa, na yeye akapita akisema, "Itaanguka hiyo, baba. Mpe tumbo la chini kubwa kidogo, apate kukalia." Jaribu mwenyewe. Andika S yenye matumbo sawa uitazame: itaonekana kama inataka kupinduka. Sijui nani alimwambia siri hiyo ya wachoraji. Mimi nimewapa vijana watatu waliojifunza kwangu, na wote nimewaambia imetoka Voi.

Vifaa havikuwapo. Ilikuwa enzi ya maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembetatu tulizogawiwa bure. Tukishakunywa, alizikusanya, akazipasua, akaziosha na kuzianika kwenye waya kama nguo za watoto wachanga. Zikikauka alizikata vipande vya mraba, akaandika herufi moja kila kipande. Tulizipanga sakafuni: BA, BE, BI. Darasa letu lilinuka maziwa yaliyoganda mwaka mzima. Sasa binti yangu yuko kwenye mtaala wa umilisi, na kila wiki natumwa nitafute vifuniko vya chupa na maboksi, wazazi wenzangu wakinung'unika kwenye kundi la WhatsApp. Mimi hunyamaza, naleta maboksi.

Asije mtu akafikiri alikuwa malaika. Alifinya. Ukikosea kwa uzembe alikushika ndewe ya sikio kwa vidole vyenye chaki, na wakati wa mapumziko shule nzima ilijua nani amefinywa, kwa alama nyeupe sikioni. Na kuimba hakujua kabisa, ingawa alilazimisha.

Kosa langu mimi lilikuwa kubanana. Naanza neno kwa herufi kubwa za kujidai, nikifika ukingoni mwa ukurasa nafasi imeisha, herufi za mwisho zinapandana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Kanuni yake ilikuwa kidole: kati ya neno na neno acha kidole kimoja, mwisho wa mstari acha kidole kimoja, na kabla ya kuanza, hesabu. Mimi sikuhesabu.

Mwaka 2003 alikuja Nairobi kufuatilia malipo yake ya uzeeni kwenye ofisi moja ambayo ilimrudisha nyumbani mara tatu. Ndio mwaka uleule elimu ya msingi ilipofanywa bure, na alipofika kibandani kwangu alikuwa na furaha, anasema madarasa ya Voi yamefurika hadi watoto wanakaa madirishani. Nikamkalisha kwenye mkebe wa rangi wa lita ishirini, nikamletea chai na mandazi. Mle kibandani nilikuwa nimeegemeza bango la mteja, buluu, halijakauka: KARIBUNI WATEJA. Akanywa chai yote kwanza. Kisha akainuka, akaenda kwenye herufi ya mwisho, akapima kwa kidole cha shahada nafasi iliyobaki hadi ukingoni. Haikutosha hata nusu kidole.

"Bado unajibana mwishoni, baba."

Nikapiga kelele kwamba rangi ni mbichi, lakini tayari. Nilimpa kitambaa chenye tapentaini, akakataa, akasema harufu yake itamkaa. Akaenda zake kwenye ile ofisi na kidole cha buluu. Siku hiyo walimlipa, na miaka yote iliyobaki alidai ni kwa sababu ya kidole.

Mhariri, hayo ndiyo niliyoandika kwenye karatasi, na nimeyasoma kwa sauti hapa kibandani nikitazama saa. Ni zaidi ya dakika tatu, nakiri. Lakini ombi langu kwa wanaopanga mazishi ya walimu ni hili: wanafunzi wawe mstari wa kwanza, kabla magari hayajafika.

Kuna jambo moja ambalo halikuwa kwenye karatasi. Ijumaa jioni, seremala alipoleta msalaba, familia iliniuliza kama ningeandika jina. Ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, bado wanata kidogo. Nilikaa nao chini ya taa barazani, nikahesabu herufi za majina yake matatu, na nafasi zake, mara mbili, nikaziandika kwanza kwenye karatasi. Nilikuwa na uzi kwenye begi. Mjukuu wake, msichana wa gredi ya tatu, akanishikia ncha ya pili. Akataka kujua kwa nini situmii rula, kwani anayo, ndefu, ya plastiki, angeenda kuileta. Nikamwambia ashike tu, akaze, asije akalegeza, maana uzi ukilegea mstari hutoka miwili.

Mchora mabango,
Shauri Moyo, Nairobi